Tezi ya thairoidi inapolegea kwa mbwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni daktari wa mifugo, na siku zangu nyingi hupita kwa mbwa na paka. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kliniki, kwenye simu, hata msibani mtu akishajua kazi yangu. Ugonjwa wenyewe unatibika vizuri sana. Shida yake ni kwamba hukosewa kwa njia mbili: ama hauonwi, kwa kuwa mwenye mbwa anadhani ni uzee tu, ama mbwa asiyekuwa nao anaambiwa anao, kwa sababu ya namba moja iliyoonekana ndogo kwenye karatasi ya maabara. Njia hii ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, na nitairudia.

Tezi hii iko wapi na kazi yake ni nini?

Iko shingoni, vipande viwili vidogo, kimoja kila upande wa bomba la hewa, chini kidogo ya koromeo. Ukimpapasa mbwa mzima huwezi kuvihisi. Hutengeneza homoni inayoitwa thairoksini, ambayo madaktari huiandika T4. Homoni hii ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani: joto la mwili, mapigo ya moyo, kuota kwa manyoya, uchangamfu, hata uwezo wa ngozi kujikinga na vijidudu. Tezi ikilegea homoni hii hupungua, na kila kitu hupungua kasi pamoja. Ndiyo maana dalili zake zimetawanyika mwili mzima na ni rahisi kuzichukua moja moja bila kuona kinachoziunganisha.

Kwa nini tezi inalegea?

Kwa mbwa wengi, zaidi ya 95 kati ya 100, tatizo liko kwenye tezi yenyewe. Karibu nusu yao, kinga ya mwili imeigeukia tezi na kuishambulia taratibu kwa miezi au miaka hadi inaisha. Kwa nusu nyingine tezi inasinyaa na nafasi yake kujaa mafuta. Hakuna ulichomlisha au kumnyima kilichomletea ugonjwa huu, na wengi wanaokuja kwangu wakijilaumu nawaambia hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Mara chache sana mtoto wa mbwa huzaliwa na tezi isiyofanya kazi. Huyo hudumaa, miguu inakuwa mifupi kuliko mwili, kichwa kikubwa, na akili inachelewa.

Dalili za mwanzo ni zipi?

Ya kwanza kabisa karibu kila mara ni uchovu, na karibu kila mara haichukuliwi kuwa ni ugonjwa. Mbwa aliyekuwa akikupokea getini sasa anainua kichwa tu. Matembezi ya jioni anayakatisha katikati. Analala zaidi. Mwenye mbwa anasema, "Ametulia, amekua."

Ya pili ni unene usio na maelezo. Chakula ni kilekile, pengine hata anabakiza, lakini uzito unapanda. Hapa lazima niwe mkweli: mbwa wengi wanene ninaowaona hawana ugonjwa wa tezi. Wanakula ugali mwingi na hawatembei. Unene peke yake hautoshi kunipeleka kwenye tezi. Unene pamoja na uchovu na ngozi mbaya, huo unanipeleka.

Ya tatu ni baridi. Vitabu vya Ulaya huandika kwamba mbwa huyu hutafuta moto wa sebuleni. Huku kwetu nani ana moto wa sebuleni? Hapa Pwani dalili hii inaonekana kwa namna yake: saa saba mchana mbwa wote wa mtaa wamejificha chini ya magari na kwenye mifereji, yeye amelala kwenye sakafu ya saruji juani, na anaonekana ameridhika.

Ndivyo alivyokuwa Jasiri, Ridgeback wa miaka sita. Aliletwa na mzee mmoja ambaye mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee aliniambia, "Mwanangu, huyu mbwa ana majonzi. Tangu mama aondoke uso wake umebadilika, mwangalie." Nilimwangalia. Kope za juu zilikuwa nzito, zimeshuka. Ngozi ya paji la uso imevimba na kujikunja. Pembe za mdomo zimelegea. Uso wa mtu aliyelia usiku kucha. Nilipobonyeza ngozi ile kwa kidole haikubaki na shimo kama uvimbe wa maji unavyofanya. Ilikuwa nene na baridi. Moyo ulipiga mara 58 kwa dakika mbele ya daktari asiyemjua, wakati mbwa wengi wa umbo lake mezani pangu hupita 90. Sikuwa na sababu ya kubishana na mzee kuhusu majonzi ya mbwa. Lakini ule uvimbe wa uso ni dalili inayojulikana ya tezi iliyolegea kwa muda mrefu, na damu yake ilithibitisha.

Dalili nyingine hazitokei kwa kila mbwa: upande mmoja wa uso kulegea kwa sababu mshipa wa fahamu umedhoofika, kichwa kuinama upande na kuyumba anapotembea, miguu kukosa nguvu, masikio yanayouma tena na tena. Kuhusu ukali, naulizwa sana kama mbwa aliyeanza kung'ata ana tezi. Mbwa anayeng'ata apimwe, ndiyo, kwa kuwa maumivu na magonjwa mengi hubadilisha tabia, lakini ukali peke yake usiutegemee kama dalili ya tezi.

Manyoya yananyonyoka. Nitajuaje kama ni tezi na si upele?

Swali la kujiuliza kwanza ni hili: anajikuna? Upele wa utitiri na mzio wa viroboto huwasha vibaya sana. Mbwa halali usiku. Tezi iliyolegea haiwashi yenyewe. Manyoya yanapungua kimyakimya, pande zote mbili za mwili kwa mfano mmoja, kama mtu aliyenyoa kiunoni kushoto kisha akanyoa vilevile kulia. Mkia hupoteza manyoya na kubaki kama mkia wa panya. Mahali pa ukosi, chini ya shingo, panakuwa wazi. Manyoya yaliyobaki ni makavu, yanakatika, na pale ulipomnyoa kwa ajili ya kidonda hayaoti tena kwa miezi. Ngozi inaweza kuwa nyeusi na nene, na mba nyingi.

Lakini kuna mtego. Ngozi ya mbwa huyu haijikingi vizuri, kwa hiyo bakteria na fangasi humwingia, na hao ndio wanaowasha. Basi anakuja anajikuna, anatibiwa bakteria, anapona wiki tatu, anarudi. Ukiona mbwa aliyekomaa anarudi na vipele vya usaha mara ya tatu au ya nne kwa mwaka, muulize daktari kuhusu tezi.

Na nawaombeni sana: msimpake mbwa oili chafu ya gari. Najua ni dawa ya mtaani ya upele, na najua wanaoifanya wanampenda mbwa wao. Inaunguza ngozi, anailamba, inamwingia kwenye ini na mapafu. Nimewahi kutumia saa nzima kumwosha mbwa mmoja kwa sabuni ya vyombo ili tu niweze kuona ngozi yake, na chini ya ule weusi hapakuwa na upele wowote. Palikuwa na pande mbili zilizopukutika sawasawa.

Mbwa wangu ana uvimbe shingoni. Ndiyo tezi yenyewe?

Kwa watu tumezoea rovu, kwa hiyo swali hili lina mantiki. Kwa mbwa aliyekomaa mwenye tezi iliyolegea, tezi kwa kawaida imesinyaa, haionekani. Uvimbe unaoonekana shingoni unaweza kuwa jipu, matoki, au saratani ya tezi. Usisubiri, mpeleke wiki hiyohiyo.

Mbwa gani huupata zaidi?

Wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa kati, miaka 4 hadi 10. Chini ya miaka miwili ni nadra, na nikiletewa mbwa wa mwaka mmoja aliyeambiwa ana tezi, huanza kutilia shaka. Golden Retriever, Doberman, Boxer, Beagle, Cocker Spaniel, Great Dane na Rhodesian Ridgeback ni miongoni mwa aina zinazotajwa mara nyingi. Mbwa wetu wa kienyeji pia anaweza kuupata. Asinyimwe kipimo kwa sababu ya asili yake.

Wenzetu walioko Oman na kwingine Ghuba wanaofuga Saluki wasome hapa kwa makini. Saluki, Greyhound na jamii zao za mbwa wa mbio wana T4 ya chini kwa maumbile yao, wakiwa wazima kabisa. Wakipimwa kwa kiwango cha mbwa wengine huonekana wagonjwa. Saluki mwembamba, mwenye kasi na manyoya safi hahitaji dawa ya tezi hata kama karatasi inasema namba iko chini.

Kipimo chake ni kipi?

Damu. Lakini kabla ya damu ni mikono na macho ya daktari, kwa sababu kipimo cha tezi kina maana kwa mbwa mwenye dalili tu. Ukipima kila mbwa anayepita, utapata wengi wenye namba ndogo wasio na ugonjwa.

Tunaanza na damu ya kawaida. Karibu robo tatu ya mbwa wenye ugonjwa huu wana kolesteroli ya juu, na baadhi wana upungufu mdogo wa damu. Hizo ni ishara za kutusukuma mbele, hazithibitishi. Kisha T4. Ikiwa T4 iko katikati ya kiwango cha kawaida, karibu tumemaliza: mbwa huyu hana ugonjwa, isipokuwa wachache ambao kingamwili zao huvuruga kipimo na kuipandisha namba kwa uongo. Ikiwa iko chini, ndipo safari inaanza. Tunapima TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. T4 chini pamoja na TSH juu, kwa mbwa mwenye dalili, ni jibu la kuaminika: ubongo unapiga kelele na tezi haiitikii. Hata hivyo takriban mbwa mmoja kati ya wanne wenye ugonjwa wa kweli ana TSH ya kawaida, kwa hiyo TSH nzuri haimwachii huru. Kwa kesi hizo ngumu kuna T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu, inayopimwa kwa njia ya kuchuja, na kipimo cha kingamwili zinazoshambulia tezi. Hivi viwili si kila mahali vinapatikana. Ukiwa karibu na Morogoro, Kabete au Kampala, hospitali za kufundishia madaktari wa mifugo za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere ni mahali pazuri pa kuuliza.

Naweza kupeleka damu ya mbwa kwenye maabara ya watu?

Watu wengi hufanya hivyo, na nawaelewa, maana maabara ya watu iko kila kona. Tatizo ni kwamba T4 ya mbwa mzima ni ndogo kuliko ya binadamu. Maabara nyingi za mifugo huweka kiwango cha mbwa kati ya takriban nanomoli 13 na 51 kwa lita. Cha mtu mzima huanzia karibu 60. Mbwa mwenye 32, ambaye ni mzima wa afya, akipimwa kwa karatasi ya binadamu ataandikiwa "chini" kwa wino mwekundu.

TSH ni mbaya zaidi. Kipimo cha TSH ya binadamu hakiitambui TSH ya mbwa. Jibu litakalotoka halina maana yoyote, liwe chini au juu. Niliwahi kupokea mbwa aliyekunywa vidonge mwaka mzima kwa msingi wa karatasi kama hiyo kutoka maabara moja ya mjini. Damu yake ilikuwa njema tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa na shida ni kiwango kilichochapwa pembeni ya jibu lake. Ukilazimika kuitumia maabara hiyo, uliza maswali mawili kabla ya kulipa: mashine imehakikiwa kwa damu ya mbwa? Mna kiwango cha mbwa?

T4 yake iko chini. Tuanze dawa leo?

Bado. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye mbwa alijue.

Mwili wa mbwa ukiugua ugonjwa wowote mzito, hushusha T4 wenyewe. Tezi ni nzima. Mwili unabana matumizi. Na huku kwetu magonjwa ya kushusha T4 ni mengi mno: homa za kupe, nagana kwenye maeneo ya ndorobo, minyoo, figo, jipu la kizazi kwa jike. Kupe wa kahawia yuko kwenye kila ukuta wa banda kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Nilipokuwa na miaka michache kazini nililetewa jike wa miaka mitano, mchovu, manyoya yamefifia, T4 ndogo. Nilimwanzishia dawa ya tezi, nikafurahi kwamba nimegundua ugonjwa ambao wengine hawauoni. Wiki ya saba alirudi anatoka damu puani. Alikuwa na homa ya kupe ya muda mrefu, ile inayomaliza chembe za kugandisha damu, na mimi nilikuwa nimempa wiki saba za kuzidiwa. Alipona kwa doksisaiklini ya siku 28 na uangalizi mwingi, na T4 yake ilipanda yenyewe bila kidonge hata kimoja cha tezi. Tangu siku hiyo, mbwa yeyote mchovu anayeingia kwangu hukaguliwa kupe, hupimwa damu kwa homa za kupe na chembe za kugandisha damu kabla sijaitaja tezi.

Dawa nazo hushusha namba. Prednisoloni na sindano za jamii yake, ambazo mbwa wenye kuwashwa hupigwa sana, fenobabito ya kifafa, na dawa za salfa jamii ya Septrin. Salfa ina jambo lake: ikitumiwa kwa wiki kadhaa inaizuia tezi kweli, hadi mbwa anakuwa na ugonjwa halisi, ambao huondoka dawa ikisimamishwa. Mweleze daktari kila kitu mbwa alichomeza au alichochomwa katika miezi miwili iliyopita, hata kama aliyekuuzia ni mtu wa duka la pembejeo na hukumbuki jina. Leta kopo au kichupa.

Dawa ni ipi, na kiasi gani?

Ni levothairoksini, ileile homoni ambayo tezi ilikuwa ikitengeneza, imetengenezwa kiwandani. Kiwango cha kuanzia kinachotumiwa na wengi ni mikrogramu 20 kwa kila kilo ya mbwa, mara mbili kwa siku. Mbwa wa kilo 20 atakunywa mikrogramu 400 asubuhi na 400 jioni. Kwa mbwa wakubwa sana hatuzidishi 800 kwa mara moja mwanzoni, na kwa aliyenenepa kupita kiasi daktari anaweza kuhesabu kwa uzito anaopaswa kuwa nao. Hesabu hii nimeiandika ili uelewe, si ili uanze mwenyewe.

Duka la dawa wamekataa kuniuzia, wanasema dozi hii itaua.

Wana sababu ya kushtuka. Mtu mzima mwenye tezi iliyolegea hutumia kama mikrogramu 100 hadi 150 kwa siku nzima, na wewe unawaambia mbwa wa kilo 20 anahitaji 800. Lakini mbwa hufyonza sehemu ndogo tu ya kidonge tumboni, na kile anachofyonza hukitoa mwilini haraka. Thairoksini hupungua kwa nusu katika mwili wa mtu kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa mbwa ni saa 9 hadi 15. Mwombe daktari wako aandike cheti chenye uzito wa mbwa na hesabu, na ikiwezekana ampigie mfamasia. Mara nyingi simu moja inatosha.

Kinyume chake pia ni kweli: vidonge vya mbwa si vya bibi nyumbani, na vya bibi si vya kumpunguzia mbwa. Viwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, hospitali siku hiyohiyo.

Nimpe vipi, na chakula au bila?

Chakula hupunguza kiasi kinachofyonzwa, pengine hadi nusu. Njia nzuri ni kumpa tumbo likiwa tupu, saa moja au zaidi kabla ya kula. Kama hakubali kidonge bila kukizungushia kipande cha dagaa au ini, mpe hivyo, lakini iwe hivyohivyo kila siku. Kubadilishabadilisha ndiko kunakoharibu, kwa sababu dozi tuliyoipima Jumatatu si anayoipata Alhamisi.

Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni ni rahisi kukumbuka. Ukisahau, mpe ukikumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, iache hiyo iliyopita. Usimpe mbili pamoja.

Dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu, na Pwani tuna vyote vitatu. Usiihamishie kwenye kopo la wazi, usiiweke dirishani wala juu ya kabati karibu na jiko. Vidonge vilivyokaa kwenye gari lililoegeshwa juani, nunua vingine.

Atapata nafuu lini?

Uchangamfu hurudi kwanza, ndani ya wiki moja au mbili. Jasiri, siku ya kumi, alimkimbiza bodaboda hadi mwisho wa uzio. Mzee alinipigia simu usiku kunieleza na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Uzito huanza kushuka ndani ya miezi miwili, ukimsaidia kwa kupunguza ugali. Mishipa ya fahamu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu.

Manyoya ndiyo yanayochelewa na ndiyo yanayowakatisha watu tamaa. Huanza kuota baada ya wiki nne hadi sita na inaweza kuchukua nusu mwaka kujaa. Katikati hapo hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, kwa kuwa manyoya mafu yaliyokuwa yameng'ang'ania yanasukumwa nje na mapya. Wengi huacha dawa wiki hiyo. Usiache.

Na kama miezi mitatu imepita, dozi ni sahihi, damu imepimwa na mbwa hajabadilika hata kidogo, basi turudi tuulize kama alikuwa na ugonjwa huu kweli.

Damu ya kufuatilia inapimwa lini?

Wiki nne hadi nane baada ya kuanza, kisha kila tunapobadilisha dozi, na akishatulia kila miezi sita. Saa ya kutoa damu ina maana sana: kati ya saa nne na saa sita baada ya kidonge. Ukimpa saa 12 asubuhi, damu itolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Siku ya kipimo mpe dawa kama kawaida. Wako wanaomleta bila kumpa wakidhani ni kama kipimo cha sukari, na jibu linatoka chini bure. Tunatarajia T4 iwe nusu ya juu ya kiwango cha kawaida au ikivuke kidogo.

Nitajuaje dozi imezidi?

Anahema ovyo akiwa amekaa, hatulii, anakunywa maji sana na kukojoa sana, ana njaa isiyoisha huku anakonda, moyo unaenda mbio. Mbwa huvumilia ziada kuliko sisi, kwa hiyo si jambo la kuzimia kwa hofu, lakini mpigie daktari siku hiyo.

Ana ugonjwa wa moyo, au kisukari. Kuna hatari?

Ipo, kwa sababu dawa hii inauongezea moyo kazi na inabadilisha kiasi cha insulini anachohitaji. Daktari huanza na dozi ndogo na kupanda taratibu. Na kama tezi za juu ya figo ndizo zilizolegea pia, hizo hutibiwa kwanza. Kuanza na thairoksini kwa mbwa huyo kunaweza kumwangusha.

Nimpe mwani, chumvi ya madini, au chakula gani maalumu?

Hakuna chakula kinachoirudisha tezi iliyokwisha. Mwani umeenea sana kama tiba ya tezi, na Zanzibar tunao ufukweni, lakini upungufu wa madini joto si tatizo la mbwa wengi hawa. Chumvi ya nyumbani Kenya na Tanzania inatiwa madini joto kwa sheria, na chakula cha dukani kinayo. Yakizidi, yanaweza kuiumiza hata tezi isiyo na ugonjwa. Mafuta ya nazi na mwarobaini kwenye ngozi sina ugomvi navyo sana, mradi visichukue nafasi ya kidonge.

Kuna jambo moja la buchani ambalo wengi hawalijui. Koromeo la ng'ombe na nyama za pembeni yake, ambazo hununuliwa kwa bei nafuu kwa ajili ya mbwa, zinaweza kuwa na tezi ya ng'ombe ndani. Kuipika hakuiondoi homoni kwa uhakika. Mbwa anayelishwa hizo kila siku anaweza kupata dalili za homoni kuzidi, na vipimo vyake vikavurugika kabisa. Mpe utumbo, mapupu, vichwa vya kuku, dagaa. Koromeo liache.

Jike wangu haingii joto. Naweza kumzalisha akipona?

Tezi iliyolegea ni moja ya sababu za jike kukaa muda mrefu bila joto au kutoshika mimba, na matibabu yanaweza kumrudishia. Lakini ugonjwa huu una mkono wa kurithi katika aina nyingi. Kwa maoni yangu asizalishwe, hata kama watoto wana bei.

Ataishi muda gani?

Muda wake wa kawaida, akipata dawa.

Manyoya yamerudi, amekuwa kama zamani. Naweza kuacha dawa?

Kama ugonjwa ulithibitishwa vizuri, hapana, ni ya maisha. Tezi yake haijarudi; unachokiona ni kidonge kinafanya kazi. Ukiacha, ndani ya wiki chache atarudi kwenye saruji lake juani.

Kuna hali moja ambapo mimi mwenyewe husimamisha: mbwa aliyeanzishiwa mahali pengine kwa namba moja, bila TSH, bila kuangaliwa kupe. Huyo tunamsimamisha kwa makubaliano na mwenye mbwa, wiki sita hadi nane, ili tezi iliyokuwa imelazwa na vidonge iamke kama bado ipo. Wakati huo mwenyewe anamwangalia kila siku na kumpima uzito kila Jumapili. Kisha tunatoa damu asubuhi: T4, TSH, kupe, figo. Ikiwa T4 imesimama yenyewe, vidonge vilivyobaki virudishwe kliniki. Ikiwa imeanguka na TSH imepanda, anarudi kwenye dozi yake jioni ileile, saa 12.